Sahani Isiyoonjwa

Mamokone hakuwa mtu wa kulishwa hivi hivi. Katika miaka yake sabini na minne alikuwa amekunywa pombe za watu, na hakuna siku aliyopokea kibuyu kabla mwenye kumpa hajapiga funda la kwanza mbele ya macho yake. Ndivyo Wasotho walivyolelewa: anayekupa hutangulia kuonja, atoe uchawi. Mumewe alipuuza jambo hilo mara moja tu, kwenye harusi ya watu, na mwezi haukuisha wakamzika. Basi mwambie wewe kwamba aliuawa na ugonjwa wa ini.

Mamokone alipoanguka msimu wa baridi, mkwewe Malineo alimtoa kwenye kibanda chake akamleta kukaa naye. Kukaa pamoja, sawa. Lakini huyu mwanamke alikuwa akileta sahani ya ugali na mboga, anaiweka, anageuka. Haonji hata tonge.

"Mimi nimeshakula jikoni, Mama." Kila siku maneno yale yale.

Kulikoni? Mwanawe, mume wa Malineo, yuko migodini, mwaka mzima hana salamu wala senti. Mamokone akifa, kibanda na shamba vitabaki kwa nani? Jibu liko pale jikoni, limejifunga kitambaa. Halafu lilikuwa likikonda. Mwenye njama hanenepi, bibi alijisemea.

Basi Malineo akitoka, sahani ilikwenda kwa mbwa, Phiri. Mbwa hakufa. Alinenepa. Hilo halikumtuliza Mamokone hata kidogo. Sumu ya watu, alisema, inajua mtu wake. Yeye alitafuna punje za mahindi alizozikaanga mwenyewe na kuzificha chini ya godoro. Vidonge vya presha navyo, muuguzi alisema vimezwe baada ya kula. Hajala, atamezaje? Akawa anavitia kwenye kopo la ugoro, kimoja kimoja.

Mchana mmoja kizunguzungu kilimshika, akaegemea ukuta, kopo likamponyoka. Malineo, aliyekuwa anaingia na sahani, akaviona vidonge vimetapakaa sakafuni.

"Mama, hivi ni vya lini?"

"Tangu niingie kwako."

"Unataka ufie mikononi mwangu, watu waniseme?"

"Nani anataka nani afe? Onja."

"Nionje nini?"

"Chakula chako. Miezi mitatu unanitupia sahani hujaonja, mimi mbwa? Onja nikuone."

Malineo aliitazama sahani, akasita. Mamokone akaona alivyosita. Leo nimemkamata, alijisemea.

"Kula tu, Mama. Nakuomba."

"Onja."

Malineo akapiga magoti, akamega tonge, akalimeza bila kulitafuna. Akamega la pili. La tatu. Macho hayakubanduka sahanini, mboga zikamdondokea kifuani, na hakuacha mpaka akakwangua mabaki kwa kidole. Mamokone alikuwa akimtazama mabega, jinsi mifupa ilivyolisimamisha gauni, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Nisamehe, Mama," Malineo alisema, bila kuinua uso. "Unga ulikuwa wa kumtosha mtu mmoja. Niliogopa nikionja sitaacha."

Mlangoni Phiri alikuwa ameshakaa, mnono, anatikisa mkia, akingoja sahani yake.