Nilivyobeba maneno kati ya CEO na mkwe wake hapa Sotik mpaka maziwa yakaharibika

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, si rafiki wala binamu, na sehemu inayoniaibisha sijaikata. Nimeiandika mara nne, hii ndiyo fupi.

Kama unaendesha kampuni iliyoanza na watu watano na sasa ina thelathini, vuta kiti.

Nilimaliza degree ya Business Management nikakaa kwetu Sosiot mwaka mzima nikichuna majani chai na kujibu maswali ya majirani. Mwishowe nikapata kazi Sotik, kwa kampuni ya yoghurt na maziwa lala, yaani ya mgando. Assistant wa CEO, probation miezi mitatu.

CEO tumwite Mama Chela. Alianza na friji moja kando ya barabara ya Kisii. Production manager ni Kiprono, ambaye amekuwa naye tangu hiyo friji. Wazee wa kampuni wanasema hao wawili walikuwa wakipigiana kelele kutoka ofisini hadi kwa boiler, na kazi inaenda.

Halafu Kiprono akamuoa binti wa Mama.

Kwa wasiojua: kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono wala kuketi meza moja. Si ugomvi, ni heshima. Wengi wamelegeza siku hizi. Hawa wawili hawajalegeza hata kidogo. Hata simu, Mama anasema kumpigia mkwe ni kama kumnong'oneza sikioni.

Kabla yangu kulikuwa na sekretari mwenye sauti kubwa, anayebeba maneno vile vile yalivyo. Akahamia Narok na mumewe.

Siku ya kwanza nilichora organogram, ule mchoro wa nani yuko chini ya nani. Mstari kati ya CEO na production niliuchora kwa ruler. Sikujua huo mstari ni mimi.

Kutoka ofisini hadi kiwandani ni hatua arobaini na mbili. Kwa mtu anayefikiria sana, hiyo ni safari ndefu.

Wiki ya tatu mvua ikaharibu barabara, na pickup inayoleta maziwa ya wakulima wa Chebunyo ikaanza kufika saa sita badala ya saa nne, maziwa yakiwa na joto. Mama akaniambia, "Mwambie huyo wa kiwandani, pickup ikichelewa tena asipokee hata mtungi mmoja."

Hatua ya kumi nikaanza kuwaza. Je, akiumia? Je, akimwambia mkewe? Je, ndoa ikivunjika kwa sentensi niliyobeba mimi?

Kufika mlangoni nikamwambia, "Mama anaomba, ukipata nafasi, uangalie tu hiyo mambo ya Chebunyo."

Kiprono akanituma nimwambie Mama kwamba wale wakulima wakirudishiwa maziwa watahamia kwa mnunuzi mwingine, afadhali tuwawekee cooler, tangi la kupoza maziwa, kule kule. Wazo zuri sana. Nikaona likifika kwa Mama litasikika kama ubishi.

Mama akauliza amesemaje.

"Amesema sawa."

Wakuu, siku hiyo nilijiona balozi.

Ijumaa pickup ikafika saa saba. Kipimo cha uchachu kikawa katikati, si kizuri si kibaya. Kiprono akaangalia, kama alivyoombwa, akapokea. Maziwa yakaingia tangi moja na mengine. Jumamosi asubuhi, order ya yoghurt ya shule moja ya bweni, kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, ilikuwa maji juu na mabonge chini.

Mama hakupiga kelele. Alifunga mlango wa ofisi akasema, "Andika barua. Nimemkataza, akasema sawa, akafanya. Leo ndiyo mwisho wake hapa."

Nikafungua laptop. Nikaandika "Dear" nikakwama hapo. Mtu anafukuzwa kwa kukaidi amri ambayo haikumfikia. Ana watoto wawili, ambao ni wajukuu wa Mama. Upande wa pili kuna mimi na probation yangu. Nilibadilisha font mara tatu.

Mama akauliza kama barua ya kufukuza mtu inahitaji utafiti.

"Mama, hakusema sawa," nikasema. "Na hakuambiwa asipokee. Mimi nilipunguza."

"Ulipunguza nini?"

"Maneno."

Akaninusa kwa macho kama maziwa ya jana. Nikamweleza yote. Akasimama, akatoka, akaelekea kiwandani. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, akawapa mgongo waliokuwa ndani, akatazama mtungi mtupu uliokuwa ukutani.

"Wewe mtungi," akauambia, "uliambiwa nini juu ya Chebunyo?"

Kiprono akageukia boiler.

"Mtungi uliambiwa uangalie tu," akaiambia boiler. "Ukaomba cooler kule. Haukujibiwa."

Mama akauinamia mtungi. "Mtungi, hiyo cooler itakaa kwa nani?"

Waliongea robo saa. Hakuna slides, hakuna minutes, na kila mtu alielewa. Barua haikuandikwa. Mama mwenyewe alienda kuomba msamaha shuleni, na Jumatatu mzigo mwingine ukapelekwa. Siku hizi kila asubuhi saa mbili Mama yuko pale ukutani na mtungi wake.

Mimi nilihamishwa Chebunyo kupokea maziwa kwenye cooler mpya, probation ikaanza upya. Siku ya kwanza gogo mmoja, bibi mzee wa huko, akaleta mtungi ulioanza kuchacha. Nikaanza na habari za mvua, nikapitia barabara, nikamuuliza kuhusu ng'ombe. Foleni nyuma yake inaguna. Mwishowe nikasema, "Gogo, haya siwezi kupokea."

Akaonja. "Ni kweli," akasema. "Ungesema mapema ningekuwa nimefika nyumbani."

Somo, wakuu mnaoongoza: kampuni ikikua, maneno yako yanaanza kupita kwa watu waoga kama mimi. Kama kila jibu unaloletewa ni tamu, usifurahi. Nenda usikie kwa masikio yako, hata ikibidi umpe mtu mgongo. Na kama wewe ndiye unabeba, usifikirie njiani.

Waliowahi kupatwa na haya waseme walivyotoka. Na wanaoona Mama angenifukuza, semeni tu, najua mko wengi.