Eduviges na Shanta la Mchile

Mke wangu Eduviges hakumwamini mtu. Akinunua viazi alivigeuza kimoja kimoja. Kasisi akimbariki, alimtazama mikono. Hata mimi, nikirudi kazini, alininusa kwanza ndipo akanipakulia.

Sikumlaumu. Alikulia milimani juu ya Huanta, miaka ile ya vita, watu walipobisha hodi usiku na aliyefungua hakuonekana tena. Alishuka Lima na sufuria na blanketi. Tulikutana hapa kilimani Independencia, kila mtu akijenga kibanda chake cha mikeka. Mikeka ikawa mbao, mbao zikawa matofali.

Wageni walianza kuja kituo kikubwa cha mabasi kilipofunguliwa hapo chini. Watu wa mashanta, wale wanaozunguka bara zima na nyumba yao mgongoni. Wengi hukimbilia Miraflores, karibu na bahari. Wachache wenye mfuko mwepesi walipanda ngazi zetu. Eduviges aliwawekea vitanda chumba cha mbele. Sharti lake lilikuwa moja: shanta linalala chumbani kwetu, mgeni analala kwake.

Mfaransa mmoja alimuuliza itakuwaje akitaka soksi usiku. Eduviges akamwambia avae kabla ya kulala.

Wote walikubali. Mchile ndiye aliyekataa.

Aliitwa Nélida Oyarzún. Alikuwa amepita sitini, mrefu kama mlango, mnene, macho ya kijivu. Alikuja ukungu wa Lima ulipoanza kuondoka, shanta kifuani kama mja mzito. Alisema kwa adabu kwamba ameonywa asimwachie mtu begi katika mji huu. Eduviges akamjibu kwamba naye ameonywa kuhusu Wachile. Walikuja zamani na meli za vita wakabeba hata vitabu vyetu, na sasa wanadai pisco, pombe yetu ya zabibu, ni yao.

Mwishowe walipatana. Pasipoti ikafungiwa kabatini kwetu, shanta likabaki na mwenyewe.

Kila asubuhi Mchile aliondoka na shanta zito. Alirudi mchana limelowa chini. Alikula kama watu watatu. Alioga sana, na maji yetu huletwa na lori. Eduviges alikuwa akipita nyuma yake, ananusa kitako cha kiti alichokalia.

"Chumvi," aliniambia.

Nikasema labda anaenda ufukweni.

"Mzee wa miaka ile? Peke yake? Kila siku? Na begi lote?"



Siku moja Mchile aliingia kuoga akaliacha shanta nje ya mlango wa bafu. Eduviges alilifungua. Alikuta mkebe mkubwa kama wa maziwa. Ndani, mafuta mazito, meupe yenye umanjano, yamechotwa hadi nusu. Mwiko wa mbao. Glavu za mpira.

Alikuja jikoni akakaa. Hakunitazama.

"Saturio. Ni mafuta."

Aliyekulia milimani haambiwi mara mbili. Kule yuko pishtako. Ni ndugu yake mumiani, ila huyu hana haja na damu, anataka mafuta ya mtu. Huwa ni mgeni, mrefu, mweupe, anatembea peke yake na begi. Mnakutana njiani, mnasalimiana, mnaachana. Kisha unaanza kukonda mpaka unaisha. Mafuta yako yanauzwa ng'ambo kulainisha mashine.

Nilimuuliza yalikuwa na harufu gani.

"Ya kondoo," akasema. "Ndivyo wanavyoyaficha."

Angeishia kwangu, pasingekuwa na hadithi. Lakini alimnong'oneza Zoraida, jirani yetu auzaye supu ya kuku, na kumnong'oneza Zoraida ni kupanda juu ya tangi la maji ukapaza sauti. Kabla supu haijaisha sufuriani, Abundio Huamaní alikuwa mlangoni kwetu.

Abundio ni mwenyekiti wa ulinzi wa kilima. Ndiye aliyetundika sanamu la matambara kwenye nguzo pale ngazi zinapoanzia, kamba shingoni, na maandishi kwamba mwizi akishikwa hapa hapelekwi polisi. Kila nyumba ina filimbi. Ikilia, watu wote wanatoka na walichonacho. Aliyeiba mitungi ya gesi mwaka uliotangulia alishuka ngazi hizo akiwa amelazwa juu ya ubao, na hakuna aliyejua kama alifika hospitali.

Abundio alisema kesho Mchile akirudi, filimbi italia. Watamwuliza maswali uwanjani.

Eduviges akauliza, maswali au fimbo?

"Itategemea majibu, jirani."

"Mimi nilitaka kujua, Abundio. Sikutaka kupiga."

"Umeshajua. Sasa utuachie sisi."

Usiku ule Eduviges alikaa kitandani ameegemea ukuta.  Asubuhi alitoa chini ya kitanda shanta kuukuu aliloliacha Mbelgiji mmoja, akalijaza blanketi, akalivaa kifuani kama wanavyovaa wageni. Akavaa kofia yake. Akasema anamfuata Mchile. Kama ni pishtako, atapuliza filimbi yeye mwenyewe, popote atakapokuwa. Kama siye, lazima ajue kabla Mchile hajarudi kilimani.

Nilimwambia niende naye. Akasema mimi nikipita mtaani nasalimia kila mtu, nitamharibia.

Mengine yote alinisimulia yeye, kidogo kidogo, tukimenya viazi.

Mchile alipanda basi refu linalokata mji kutoka kaskazini hadi kusini. Eduviges akapanda mlango wa nyuma. Mchile akashuka katikati ya mji, akanunua mkate wa nyama ya nguruwe na viazi vitamu, akala akiwa amesimama, mgongo ukutani, macho huku na huku. Kila hatua chache aligeuka. Eduviges alijua mgeuko ule. Hata yeye hutembea hivyo.

Mjini Eduviges hakuwa amefika miaka mingi. Muuza ukumbusho alimsogelea na wanasesere wa sufu akamwambia polepole, kwa sauti kubwa kama unavyomsemesha kiziwi, karibu sana Peru. Eduviges akamjibu kwa Kikechua, lugha ya milimani, tusi lililomhusu bibi yake. Kisha polisi akamsimamisha, akamwonya aangalie begi lake, mitaa hii ina wezi. Eduviges akamuuliza yeye amejuaje kuwa lina kitu cha kuibwa. Polisi akaenda zake.

Wakapanda tena basi hadi mwisho wa njia, Chorrillos, wakashuka kwa miguu mpaka ufuko wa wavuvi. Eduviges akajificha nyuma ya mashua zilizopinduliwa, kati ya ndege mwari wanaosubiri matumbo ya samaki. Filimbi aliishika mkononi.

Mchile alitazama pande zote. Akavua nguo, ndani amevaa nguo ya kuogelea. Akavaa glavu. Akafungua mkebe. Akachota mafuta kwa mwiko, akajipaka. Shingoni, kwapani, kati ya mapaja. Alijipaka kama mtu anayefunga kidonda, bila haraka. Akajaribu mgongo, mkono haukufika. Alipogeuka ili ajaribu upande wa pili, akamwona.



"Mama Eduviges, umenifuata," Mchile akasema.

"Nimekufuata."

"Ulidhani mimi mwizi?"

"Nilidhani mabaya zaidi."

Mchile akaangalia filimbi, akaangalia lile shanta la blanketi, akaanza kucheka, halafu akaacha maana mwenzake hakucheka. Akaeleza. Maji ya Lima ni ya baridi, na mafuta huzuia baridi na michubuko. Anajiandaa kuogelea kutoka kisiwa cha San Lorenzo mpaka bara. Hakumwambia mtu kwa sababu huko kwao Tomé wanawe walimwambia amechanganyikiwa, mama wa watu wazima aende baharini nusu uchi. Amechoka kuchekwa.

Eduviges akauliza mafuta ni ya nini.

"Kondoo."

"Wa wapi?"

"Wa kusini kwetu. Mama, muda unakwenda na maji yanazidi kuwa mabaya. Kama umekuja kunilinda, nipake mgongoni. Kama umekuja kunishika, nishike."

Akamnyooshea glavu. Eduviges hakuzitaka. Alisema mkono ndio unaojua, glavu haijui. Alichota kwa vidole akampaka mgongo mzima, mpana kama meza, na huku anapaka ananusa. Ilikuwa harufu ya zizi la baba yake.

Mchile akaingia baharini. Eduviges alibaki amekalia mashanta mawili. Kichwa kikapita mashua, kikawa nukta, kikapotea. Hapo akaanza kuwaza tena. Labda kuna mashua inamsubiri huko. Labda polisi watakuja sasa hivi wamkute yeye, bibi wa kilimani, na mkebe wa mafuta. Alisimama mara mbili aondoke. Mara ya pili aliona mkono ukipanda na kushuka mbali, akakaa.

Mchile alipotoka, midomo ya zambarau, Eduviges alimfunika blanketi la shanta la Mbelgiji. Ndipo akamweleza habari ya Abundio.

Mchile alijikunyata ndani ya blanketi. Kisha akasema yeye haendi huko. Atatafuta kitanda hapa Chorrillos, na Eduviges amletee pasipoti kesho.

"Ukikimbia, watasema ndiyo," Eduviges akamjibu. "Halafu akija mwingine na shanta, hawatangoja mimi nimfuate. Na mimi niliyekulaza nyumbani nitakuwa nani?"

"Na nikirudi wakinipiga?"

"Watanipiga mimi kwanza. Vaa viatu."

Nilikuwa chini ya ngazi tangu mchana. Abundio alikuwepo na watu zaidi ya ishirini, fimbo, kamba, ndoo za maji baridi. Walipotokea, filimbi zikalia kilima kizima, mbwa wakaanza. Mchile alikuwa mweupe kama chokaa. Eduviges alikuwa mbele yake, kimo chake kikiishia kwenye kwapa la yule mwanamke.

"Jirani Eduviges, jitenge," Abundio akasema.

"Njoo umsalimie komadre wangu kwanza."

Watu wakatazamana. Abundio akauliza, komadre wa nini?

"Wa paa. Jumapili tunamwaga zege, wote mnajua, wote mmealikwa. Mama wa paa ni huyu."

Hapa kwetu paa la zege halimwagwi bila mama wa paa, kama mtoto asivyobatizwa bila msimamizi. Ndiye anayevunja chupa, ndiye anayefunga msalaba juu. Akishatajwa mbele ya watu, ni komadre, ndugu wa nyumba, na anayemgusa ameigusa nyumba. Eduviges hakuwa amenishauri. Mama wa paa letu alikuwa dada yangu, na alikwisha nunua gauni.

"Mchile?" Zoraida akasema kutoka nyuma. "Hilo paa litavuja, mwenzangu."

Wachache wakacheka. Abundio hakucheka. Akataka shanta lifunguliwe. Mchile akalifungua mwenyewe. Nguo ya kuogelea, maji yanadondoka. Taulo. Mkebe. Abundio akaufungua, akanusa, akawageuzia watu.

"Mafuta ya mtu," akasema.

Eduviges akamsogelea mpaka wakawa pua kwa pua.

"Ya mtu umeyanusia wapi wewe, Abundio?"

 Niliona watu wanamtazama mwenyekiti wao, kisha wanatazamana. Mmoja akashusha ndoo. Abundio alikuwa na nguzo zake zimesimama, paa lake lilikuwa linafuata baada ya letu, na bila mikono yetu hakuna wa kumbebea ndoo za zege. Akafunga mkebe polepole.

"Jumapili saa ngapi?"

"Asubuhi. Uje na beleshi," Eduviges akamwambia.

Jumapili walikuja wote. Mchile alivunja chupa ya pisco, na kabla hajaivunja Zoraida aliichukua akahakikisha ni ya Ica, ya huku Peru, si ya Chile. Abundio alibeba ndoo kama wengine, ila hakula chakula alichogusa Mchile. Dada yangu hakusema nami mwaka mzima. Wiki iliyofuata komadre aliondoka kwenda Callao, bandari inayotazamana na kile kisiwa, na shanta lake. Kama alifika bara kutoka kile kisiwa sijui. Eduviges alisema alifika. Kisha akasema, au labda sivyo.

Mwaka juzi Eduviges alianza kukonda. Madaktari wa wilaya walitoa jina la ugonjwa, nikalisahau makusudi. Mwili uliyeyuka, ikabaki mifupa na macho yale yale ya kukagua. Majirani walikuja na supu. Walipotoka walisimama ngazini wakinong'ona. Zoraida alinivuta kando.

"Saturio. Alimpaka yule Mchile kwa mikono mitupu. Ulijua?"

Nilijua. Nikamwambia supu yake haina chumvi, akaondoka.

Siku moja mchana Eduviges aliniomba nimwinue mto. Alikuwa ameweka mikono yake juu ya shuka, anaigeuza upande huu, upande ule, kama viazi vya sokoni.

"Saturio. Yale yalikuwa ya kondoo kweli?"

Nikasema ya kondoo.

"Wewe uliyanusa?"

Nikasema niliyanusa, pale ngazini, Abundio alipoufungua mkebe. Ni kweli niliyanusa.

Alinikagua kwa macho, kama alivyokuwa akininusa nikirudi kazini.

"Wewe unaamini kila kitu," akasema, akafumba macho.