Tanuri la Mchanja Kuni

Mchanja kuni alikuwa na ukaidi wa kuzaliwa nao. Kifua cha mkewe kilipozidi, daktari akisema moshi wa jikoni ndio unaommaliza, binti yao aliwaita wote wawili wakaishi kwake mjini. Mama akaenda. Yeye hakufungasha hata soksi. Alishikilia kwamba moshi ni wa kuni mbichi tu. Zikikauka sawasawa, mama watoto atarudi nyumbani kwake. Basi akajenga tanuri la kukaushia kuni uani, kwa mabati na mbao za kuokoteza.

Lakini wapi! Bati na joto havikai pamoja. Moto unawaka ndani, anayeota ni jirani nje. Akajenga ukuta wa pili, katikati akashindilia maranda ya mbao, kila ufa akauziba kwa udongo. Siku zile alimkumbuka mkewe mno, hasa wakati wa kula, akila ndani ya sufuria kwa kuwa hakuna wa kumgombeza. Kila konzi ya maranda alijiambia hii ndiyo itakayomrudisha.

Alipofungua mlango, kuni zilikuwa zinatoka jasho, ukungu mweupe umezitanda. Masikini, alikuwa ameziba hata pa mvuke kutokea. Jirani alicheka akashika mbavu, akamuuliza kama anakausha kuni au anazichemsha. Yeye alikaa juu ya gogo akalia kidogo, maana alishamwambia mkewe ajiandae.

Kesho yake akatoboa tundu juu na jingine chini, maranda akayaacha palepale. Safari hii kuni zilitoka nyepesi, ukizigonganisha zinalia kavu. Akawasha jikoni: moto safi, moshi hata wa dawa haupo. Akampigia simu mkewe.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

“Baba watoto, na moshi wa majirani je? Utawakaushia kuni wote?” akasema taratibu. “Mimi sikukuomba kuni kavu. Nilikuomba tuje wote.”

Mchanja kuni akabaki kuutazama moto wake ule mzuri. Alitamani kubisha.

“Huko mnapikia nini?” akauliza mwishowe.

“Gesi.”



“Nitazoea,” akasema.