Chenga Nilizomwaga Mlangoni

Niliacha shule darasa la tano na sijawahi kumwomba mtu kazi. Chekeche za unga zinazouzwa Kariobangi, nyingi nimezikunja kwa mikono hii, na wachoma nyama wa soko la Burma wakitaka wavu wa jiko wananijia mimi. Sisemi hivyo kujisifu, ingawa najisifu pia.

Binti yangu anasomea mambo ya kale chuo kikuu. Alihitaji chekeche yenye matundu madogo kuliko ya unga, nikamtengenezea mbili, zikashinda zile za ng'ambo. Akaniletea karakanani udongo aliouchimba mwenyewe, wa tabaka la chini kabisa, mfuko huo mmoja tu. Alisema humo mna meno ya panya wa zamani na vumbi la maua. Panya wa msituni na wa nyikani meno yao hayafanani. Ukiyapanga unajua pale palikuwa msitu au nyasi tupu. Kisha akaenda kutafuta ndoo za maji ya kuuoshea udongo huo kwenye chekeche.

Mimi ni mtu wa kumaliza kazi. Udongo ulikuwa mkavu, nikauchekecha wote. Kilichopita, laini kama unga, nikakiweka kwenye karai safi na kukifunika gazeti. Chenga zilizobaki juu nikazimwaga mlangoni, kwenye tope, pale mikokoteni hupita. Miaka yote kwangu kinachopita ndicho chakula.

Aliporudi akatazama karai, akatazama chekeche tupu.

"Baba, za juu ziko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Hakulia. Aliweka ndoo chini, akachuchumaa topeni. Nami nikachuchumaa. Jirani yangu mchomeleaji akasimama kututazama.

"Mzee, umepoteza pete ya ndoa?"

"Meno ya panya."

"Kwangu wamejaa panya wazima, na meno yao yote. Njoo uchukue bure."

Sikucheka wala sikukasirika. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Tulipata jino moja, jeupe mno, la panya wa juzi. Akalitupa.

Karai alilibeba. "Vumbi la maua huenda bado limo," akasema. "Miti nitaijua. Waliokuwa wakiishi chini yake ndio sitawajua."

Jioni, nyumbani kwetu mtaa wa Tassia, alikula ugali na kuniambia usiku mwema kama kawaida.

Nimemkunjia chekeche ya tatu. Iko msumarini. Wateja huuliza bei, nami huwaambia hiyo si ya unga.