Sikio la Mama Injini

Gereji nzima ilimwita Mama Injini hata kabla hajazaa, kwa kuwa alijua ubovu wa gari kwa kulisikiliza tu. Mimba ilipofika miezi saba, mambo yakamgeuka. Alihangaika kutafuta spana aliyoishika mkononi, na siku moja akafunga boneti huku chujio jipya la oili limebaki mezani.

Akamwambia mkunga, "Dada, akili zimenihama."

Mkunga akacheka. "Hazijahama. Ubongo wako unajipanga upya ili umjue mtoto. Mambo mengine andika kwenye daftari, mengine mwachie mumeo."

Miezi minne baada ya kujifungua alirudi kazini, mtoto akikaa na bibi yake mzaa baba katika chumba cha nyuma ya gereji. Asubuhi moja, mashine ya kukatia vyuma ikiunguruma, akainua kichwa.

"Mwanangu kaamka. Ana njaa."

Wenzake hawakusikia kitu. Alipofungua mlango, mtoto ndiyo kwanza anaanza kulialia, na mama mkwe anasinzia kando yake.

"Nimelala naye kitanda kimoja wala sijamsikia," alisema mama mkwe. "Wewe umeambiwa na nani?"

"Hata mimi sijui, mama," alijibu akinawa mikono, kisha akaketi kumnyonyesha, mteja akasubiri.