Bi Milimita hataki kuandika sifuri

Saa tatu kamili asubuhi, Bi Milimita anapiga magoti kwenye majani, gilasi ya vipimo mkononi, jicho sawasawa na maji ya mvua. Milimita arobaini na moja. Viatu vimelowa chepechepe.

Hatua mbili pembeni, mashine mpya ya kupimia mvua, iliyoletwa na shirika la hali ya hewa la mataifa, inaonyesha sifuri. Anaichungulia mdomoni. Nyigu wamejenga, wameziba.

Hata hajasimama vizuri, simu inalia. Ni mkuu wake, kijana wa makao makuu.

"Mama, mashine imesema sifuri. Na wewe andika sifuri."

"Nimelowa mpaka soksi, bosi. Sifuri gani hii?"

"Namba zikigongana shirika litatufuta kwenye orodha, kituo kifungwe. Mashine ni ya kimataifa, Mama!"

"Na mvua nayo ni ya kimataifa, mwanangu. Haiombi pasipoti."

Jina la Bi Milimita kapewa na majirani, maana hata chai anamimina kama anapima dawa. Kazi hii ana miaka ishirini na miwili. Saa hiyohiyo wapimaji wa nchi nne jirani nao wameinama, na namba zote zinakutana kwenye shirika. Kwa namba hizo, wanaoishi mto unakoteremkia wanajua kama mafuriko yanakuja, wahame au walale.

Mwaka wake wa kwanza alikwenda msibani, aliporudi akajaza sifuri. Shirika likamwandikia: vituo vitatu ng'ambo ya mpaka vimepata arobaini, chako vipi?

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema. "Siku hukupima, unaacha wazi. Sifuri maana yake nimekwenda, nimeangalia, hakuna. Mimi nilidanganya nchi tano kwa mpigo mmoja!"

Basi leo anaandika: mkono, 41, mashine, 0. Kwenye maelezo: nyigu. Anatuma.

Nyumbani, binti yake anashika kichwa. "Mama, si ungeandika tu wanachotaka? Mwezi ujao wanapitia orodha!"

"Nikiandika wanachotaka, mimi wananitaka wa nini?"

Majibu ya shirika hayajaja. Yeye kashawaandikia na barua, anadai mashine ivalishwe wavu wa kuzuia wadudu.

"Na wakinifuta, naweka kopo uani kwangu," anasema, akikamua soksi. "Kila siku saa tatu nawatumia namba. Tuone nani atachoka."