Sauti ya Baba Kwenye Spika Mbovu

Mtacheka. Chekeni tu. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwetu Kiseke, mchana kweupe, na hasira yake ninayo mpaka leo.

Nilikuwa najifunza kutengeneza kinanda cha umeme, sinthesaiza. Mwanzo wake si mgumu: betri, saketi ndogo, spika ya redio mbovu niliyoipata kwa mafundi wa Mabatini, na kitufe cha kuzungusha. Ukizungusha, mlio unapanda, ukirudisha, unashuka. Changu kilikuwa kinalia kama mbu, na nilikuwa na furaha kama mtoto.

Siku hiyo nilichomoa betri ili nilehemu waya uliokatika. Nikasikia hodi. Bibi mmoja nadhifu, nisiyemjua, kasimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

Akaingia moja kwa moja, akashika kitufe, akazungusha.

Niamini, betri nilikuwa nayo mkononi! Spika ikaanza kuita ng'ombe. Mmoja mmoja kwa majina, kwa Kisukuma, kwa sauti ya marehemu baba yangu.

Mama akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga. "Baba watoto, ni wewe?"

"Mama, usiitike!"

Alikwishaitika. Yule bibi akamwambia, "Nipe shati lake nimpelekee. Jioni atarudi."

Shati la baba lililobaki, mama hakuwahi kumruhusu mtu aliguse. Akalileta mwenyewe! Bibi akalitia kwapani, akageuka. Hapo ndipo nilimfukuza yule mwanamke kwa matusi ambayo sikujua kama ninayo. Akazunguka nyuma ya jiwe lililo nje kwetu. Jiwe lenyewe haliwezi kuficha hata mbuzi. Nikafika: hakuna mtu, hakuna shati.

Baba hakurudi. Angerudije? Lakini mama anangoja. Kila jioni anamtengea ugali na sato, na nikimwambia tule, ananitazama kama adui.

"Ulimfukuza aliyekuwa anamleta," ananiambia.

Mchungaji kaja, shangazi kaja. Wapi! Kumchezea mjane kwa sauti ya mumewe, huo ni uchawi au ni unyama?

Wewe unayetaka kujifunza kazi hii, jifunze, mimi sijaiacha. Ila siku chombo chako kikitoa sauti ya mtu mliyemzika, kivunje hapo hapo, kabla wa nyumbani hawajasikia. Usisubiri neno la pili. Litakuwa tamu, ndiyo maana nakwambia kivunje.